Miwani Haikumharibu Binti Yangu

Tangu binti yangu avae miwani kwa kutoona mbali, hapa Kisumu nimeshauriwa na kila mtu. Jirani: miwani hufanya macho yawe mavivu. Shemeji akaleta mfuko mzima wa karoti. Aliyeniudhi kuliko wote ni muuzaji wa miwani mjini aliyetaka kumpa lenzi dhaifu kuliko kipimo, eti macho yajizoeshe.

Nilikataa papo hapo. Daktari alikuwa amenieleza vizuri: jicho la mtoto asiyeona mbali limerefuka kupita kiasi, basi picha inatua kabla ya kufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Karoti ni chakula kizuri, lakini haifupishi jicho. Na lenzi pungufu haizuii jicho kurefuka. Mtoto anaendelea tu kufinya macho akitazama ubao.

Wazazi wenzangu, mtoto atiwe matone ya kupanua mboni kabla ya kupimwa. Bila hayo hukaza macho, na kipimo kinaweza kutoka kikubwa kuliko haki yake. Mbebee kofia, mwanga utamsumbua siku hiyo. Wetu alitoka na kipimo cha hasi moja na nusu; hasi ndiyo alama ya lenzi za asiyeona mbali. Miwani ilikula elfu kadhaa, na nikachagua lenzi za plastiki ngumu, maana watoto wa gredi ya nne ni kusukumana kutwa.

Sasa kazi ikawa kumtoa nje. Taiwan, tangu 2010, shule zimehimizwa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku, kwa sababu mwanga wa mchana husaidia kuchelewesha tatizo hili. Faida kubwa ni kwa ambaye bado hajaanza, ndiyo maana mdogo wake naye anatoka. Nilianza kwa amri: "Nje!" Binti anatoka kwa adabu, anazunguka nyumba, anaingia kwa mlango wa jikoni, na baadaye namkuta amejikunja nyuma ya kochi, kitabu cha hadithi kimegusana na pua. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Nikaona nisishindane na kitabu. Nikatoa meza ndogo na kuiweka chini ya mwembe. Hata kivulini, mwanga wa nje ni mwingi mara nyingi kuliko wa sebuleni. Akawa anasoma huko, na akichoka anakimbizana na mdogo wake bila kutumwa.

Kuhusu umbali, nilimfundisha hivi: weka kiwiko juu ya kitabu, ngumi chini ya kidevu. Hapo ndipo kitabu kikae, si karibu zaidi. Sasa anajipima mwenyewe, na anampima hata babake akishika simu.

Tuliporudi kupimwa baada ya nusu mwaka hivi, namba ya kipimo ilikuwa imepanda robo tu. Nilipumua. Daktari akasema ikianza kukimbia ataanzisha matone ya atropini ya kiwango kidogo kila usiku. Hayo hupunguza kasi ya jicho kurefuka, lakini ni ya kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa, usiyanunue kwa kusikia tu. Mpaka hapo, miwani yake ni ya nguvu kamili, na anaivaa kutwa.