Siku yangu na rauta tatu kwenye mbao za mtiki

Saa 1:00 asubuhi

Jana jioni, tukifunga karakana, kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza: "Fundi, rauta yangu ya kwanza nichukue kubwa au ndogo?" Rauta ni mashine ya umeme inayozungusha biti, yaani kichwa chenye makali, kuchonga matundu, mifereji na kingo za mbao. Sikumjibu. Nilimwambia leo tuna meza ya mtiki na mlango wa kabati, aje mapema, kazi zenyewe zitasema.

Kaja mapema kweli. Nazipanga tatu zote kwenye benchi. Ndogo ina wati 700 na haifiki kilo 2. Unaishika kwa mkono mmoja. Ya kati ina wati 1,600, kilo 4 hivi. Kubwa ina wati 2,200, karibu kilo 6, na hiyo huishiki kabla hujasimama sawasawa. Kijana anainama kusoma wati kwenye vibandiko. Namwambia azigeuze, atazame koleti, kile kibano kinachoshika shina la biti.

Ndogo inashika shina la robo inchi tu, yaani mm 6.35. Kubwa inashika nusu inchi, mm 12.7. Ya kati ina koleti mbili za kubadilisha, inakubali yote mawili. Kwangu mimi ukubwa wa rauta unaanzia hapo, wati zinafuata. Shina la nusu inchi ni nene mara 2 ya lile la robo, lakini kulipinda ni kazi mara 16. Ukichonga msonobari unaweza usijue tofauti. Mtiki utakuonyesha, tena mapema.

Saa 2:00

Matundu ya miguu. Miguu 4, kila mmoja matundu 2, upana mm 12, kina mm 40. Hapa natoa kubwa bila kufikiri mara mbili, ile yenye kitako cha kuzamisha, kinachoruhusu biti kushushwa wima ndani ya mbao, na biti ya kabaidi, kitu kigumu sana, yenye makali yaliyojizungusha kama skurubu.

Mbao ngumu haitaki pupa. Nazamisha mm 4, napita, nainua, nasafisha, nazamisha tena mm 4. Hiyo ni mara 10 kwa tundu moja, mara 80 kwa meza nzima. Kijana anaona ni uchoshi. Namwachia tundu la tatu. Kwenye mzamo wa pili kashusha kama mm 8 kwa mkupuo, na mashine ikabadilisha sauti palepale, ule mlio mwembamba ukawa mzito kama mtu anayepandisha gunia. Hakuhitaji kuambiwa. Karudisha mwenyewe.

Biti ya namna hii ina tabia yake: inatupa unga juu, na kwa nguvu hiyohiyo inajivuta chini. Koleti ikiwa imechakaa au haikukazwa vizuri, biti inateremka kidogo kidogo ukiwa unachonga, na tundu ulilotaka liwe na mm 40 unalikuta lina 43. Ndiyo maana kila baada ya matundu mawili nazima, nachomoa waya kwenye umeme, halafu napima biti imetokeza kiasi gani. Nachomoa kila mara. Vidole sina vya akiba.

Saa 4:30

Tumemaliza matundu. Miisho yake ni ya mviringo, kwa hiyo ama uyanyooshe kwa patasi ama uviringishe ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia tunduni, kwa tupa. Mimi naviringisha ulimi, ni haraka zaidi.

Tukiwa tunapumzika namwonyesha kipande cha biti ninachokihifadhi kwenye kopo la misumari. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na rauta ndogo tu. Nikataka kuchonga mfereji wa upana wa mm 12 na kina cha mm 10 kwenye mbao ngumu, kwa pigo moja, kwa biti yenye shina la robo inchi. Ilikatika pale shina linapoingia kwenye koleti. Kichwa kilipita pembeni ya sikio langu kikagonga ukuta. Mashine yenyewe haikuwa na hitilafu yoyote. Niliipa kazi isiyo yake.

Saa 5:00

Kingo za uso wa meza, na hapa ndipo kubwa inapogeuka mzigo. Ukiiweka ukingoni nusu ya kitako chake iko hewani, na kilo 6 zinataka kuangukia upande usio na mbao. Ikiyumba kidogo tu, biti inakula pasipotakiwa. Kwa ukingo wa mviringo wenye nusu kipenyo cha mm 3 au hata 6 nachukua ndogo. Leo mteja anataka mm 12, kwa hiyo ni ya kati, shina la nusu inchi, mapito matatu, na la mwisho liwe jembamba kabisa.

Tunaanzia kwenye ncha, kule nyuzi zilikokatwa, tunamalizia pande ndefu, ili ikimeguka kona basi pito linalofuata lifute. Mwelekeo: ukiwa umesimama mbele ya ukingo, unasukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukigeuza, biti inakuwa gurudumu, inakimbia na mashine.

Kijana anakwenda polepole mno, kwa uoga, na alama nyeusi zinatokea. Mtiki unaungua upesi biti ikikaa mahali pamoja, na una silika ndani, yaani chembe ngumu kama za mchanga, inayomaliza makali. Nateremsha kasi ya mashine kidogo, namwambia asitembee kama anayebeba maji. Alama zilizobaki tutazitoa kwa msasa, na atazitoa yeye.

Kuhusu kasi, biti nyembamba naziachia mizunguko 22,000 au zaidi kwa dakika. Biti pana ni habari nyingine. Yenye kipenyo cha mm 50 ikizungushwa mara 24,000 kwa dakika, makali yake yanakwenda kilomita 226 kwa saa. Hiyo haiwekwi kwenye rauta ndogo isiyo na kidhibiti cha kasi, hata kama shina linaingia. Biti za paneli pana zaidi ya hapo nazitumia kwenye rauta kubwa tu, tena ikiwa imefungwa chini ya meza yake.

Saa 8:00 mchana

Mlango wa kabati, nafasi za bawaba, kina mm 2. Ndogo, mkono mmoja, dakika chache. Kubwa hapa ingekuwa kupigilia kijiti cha meno kwa nyundo ya mawe.

Saa 9:30

Kijana kabadilisha biti peke yake. Kakaza kwa spana mbili, anasema imeshika. Naivuta kwa koleo, inachomoka. Natazama shina: ni la mm 6, kaliweka kwenye koleti ya robo inchi. Tofauti ni mm 0.35, jicho halioni, na mkono unahisi imekaza. Mtego huohuo upo kati ya mm 12 na nusu inchi. Kuanzia leo kopo la biti linagawanywa mawili, na moja nimeliandika kwa chokaa "INCHI".

Saa 11:00 jioni

Tunafagia, barakoa bado usoni kwa sababu vumbi hili linaendelea kuelea hata mashine zikizimwa. Nafungua koleti zote tatu, napuliza unga, napitisha kitambaa.

"Kwa hiyo ya kati," anasema kabla sijafungua mdomo. "Yenye kitako cha kuzamisha na koleti zote mbili."

"Na mzamo wa mm ngapi kwenye mtiki?"

"Tatu."

Mimi ningesema nne, lakini kwa wati 1,600 tatu ni sawa. Nimemwachia.

"Ndogo nitanunua baadaye. Kubwa nitaazima yako, fundi."

Nimempa ufagio amalizie chini ya benchi.