Kuchonga Diski za Breki Zikiwa Kwenye Gari: Ninavyoondoa Kuyumba

Pedeli ya breki ikianza kupigapiga mguu, wengi husema diski imepinda kwa joto. Mara nyingi haijapinda. Iliyumba kidogo tangu ilipofungwa, na kila inapozunguka, upande uliojitokeza hugusa pedi hata kama breki haijakanyagwa. Baada ya kilomita elfu kadhaa upande huo unalika, na tofauti ya unene ya mm 0.02 inatosha mguu kuihisi.

Kwa hiyo napima kwanza. Diski naibana kwa nati zote, dayo geji (saa ya kupimia yenye sindano) naiweka kama mm 10 ndani ya ukingo wa nje, kisha nazungusha taratibu. Magari mengi hayataki kuyumba kuzidi mm 0.05, ila kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Beringi ya gurudumu iliyolegea hubadilishwa kabla ya lolote, maana ukichonga juu yake utapata diski inayoyumba upya. Unene naupima kwa maikromita (kipimo cha unene mdogo sana) sehemu nane. Ukitoa kiasi cha kukata pande zote mbili na ukabaki chini ya unene wa mwisho uliochapwa kwenye diski, usiichonge, nunua nyingine.

Kutu kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na diski nayo husababisha kuyumba. Navua diski, nasugua habu kwa brashi ya waya, hasa kuzunguka shina la kila stadi (bolti ya gurudumu), na naweka alama ya chaki ili diski irudi kwenye stadi ileile. Wakati mwingine kazi huishia hapo.

Ikibidi kuchonga, kalipa (kifaa kinachobana pedi) naitundika kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki. Adapta, kipande kinachounganisha mashine ya kuchongea na gari, naifunga kwenye habu kwa kukaza nati kwa msalaba, nguvu sawa. Hapa ndipo wengi huharibu: mhimili wa mashine hauwi sawa na wa habu kwa kufunga tu, na usiporekebisha, mashine itaichonga kasoro yake ndani ya diski. Mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe. Ya mkono naiwasha bila kukata, na dayo geji iliyofungwa kwenye kichwa cha kukatia naigusisha kwenye nako (chuma kinachoshikilia habu), isiyosogea. Mwili wa mashine ukiyumba, sindano inasogea. Nasimamisha penye kilele cha sindano, nakaza skrubu ya adapta iliyo karibu na hapo mpaka kipimo kishuke nusu tu, nazungusha tena. Ukikimbilia kukimaliza mara moja, kilele kinahamia skrubu ya jirani na unaanza kukimbizana nacho.

Nikitilia shaka, naigusisha ncha ya kukatia kidogo tu ikwaruze diski. Kisha nahamisha adapta matundu mawili (kwa stadi tano ni nyuzi 144), narekebisha tena na nakwaruza upya. Mkwaruzo ukibaki palepale, diski ndiyo inayoyumba. Ukihama na adapta, mashine haijakaa sawa.

Kukata kwenyewe ni haraka. Pande zote mbili kwa pamoja, kama mm 0.1 kila upande kwa pasi moja. Ukikata kidogo mno, ncha inasugua badala ya kukata. Ukizidisha, diski inalia na kuacha mawimbi, na hapo mkanda wa kuzuia mtetemo, unaozungushwa kwenye diski, unasaidia. Ncha yenye pembe tatu geuza mapema, kwani pembe butu huacha uso wenye mikwaruzo hata mikono iwe mizuri.

Unga wa chuma nauondoa kwenye sensa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge), diski naiosha kwa sabuni na maji, kisha napima tena: nataka mm 0.025 au chini. Gurudumu nalifunga kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa msalaba. Bunduki ya upepo ikikaza nati moja kuliko jirani zake, diski huvutwa upande na kuyumba kunarudi siku hiyohiyo.