Land Cruiser kuukuu na breki inayokufa na kufufuka

"Fundi, jana breki ilizama mpaka chini, leo iko sawa kabisa." Gereji za Arusha husikia sentensi hii kila msimu wa watalii. Fundi anaingia uvunguni, hakuna tone lililovuja. Anaongeza mafuta ya breki, anatoa upepo kidogo kwenye paipu za breki, gari linaondoka. Baada ya wiki linarudi na ugonjwa uleule.

Breki ya namna hii huanza kutafutwa kwa kumhoji dereva, spana zije baadaye. Ulikanyaga taratibu au kwa nguvu? Gari lilikuwa limepata moto? Ulikuwa unatoka barabara ya mawimbi? Ulipopampu mara ya pili, pedeli ilipanda? La muhimu kuliko yote: ilizama, au ilikuwa ngumu? Dereva atakwambia "breki ilikata" kwa hali zote mbili, na hali hizo hazina undugu.

Pedeli ngumu tuimalize haraka, maana hiyo ni busta, kifaa kinachousaidia mguu kwa upepo wa kufyonza (vakyumu), na njia yake ya upepo. Zima injini, kanyaga mara tano, shikilia mguu palepale kisha washa. Pedeli ishuke kidogo yenyewe. Isiposhuka, tazama mpira unaotoka kwenye pampu ya vakyumu. Mpira wa zamani hupasuka kwa ndani, ukajikunja ukipata joto na kujiziba, ukipoa unafunguka. Vali ya njia moja ipulize kwa mdomo: ipitishe upande mmoja tu. Pampu yenyewe kwenye injini za dizeli za 2H na 3B imekaa nyuma ya oltaneta, kwa hiyo mkanda ukilegea, unapoteza chaji na breki kwa pamoja. Na ukiwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua kama robo ukilinganisha na Tanga. Busta inategemea hewa hiyo, kwa hiyo iliyochoka hujionyesha kule juu huku mjini ikiwa imetulia.

Tuje kwenye pedeli inayozama. Uko kwenye foleni ya Tengeru siku ya gulio, umegusa breki kidogo tu, na mguu unashuka polepole kama unakanyaga matope. Ukiachia na kukanyaga kwa nguvu, inashika juu. Hiyo ni masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga, na mara nyingi watu wanabadilisha kila kitu isipokuwa hiyo, kwa sababu haivuji nje. Ndani yake raba ina mdomo mwembamba. Ukikanyaga kwa nguvu, presha inausukuma mdomo huo ubane ukuta wa silinda. Ukikanyaga taratibu presha ni ndogo, mdomo uliochakaa hautanuki vya kutosha, mafuta yanapita pembeni na kurudi kwenye chupa. Ndiyo maana gari linafaulu jaribio la barabarani: fundi anajaribu kwa kukanyaga kwa nguvu!

Ipime hivi. Injini ikiwa imezimwa, maliza upepo wa busta kwa kupampu, kisha kanyaga kwa uzito mdogo na ushikilie dakika nzima. Ikizama, fungua paipu kwenye masta silinda kwa spana ya 10, ziba matundu kwa plagi zenye uzi wa milimita 10 kwa 1.0, rudia. Ikizama tena, masta silinda imekufa. Ikisimama kama ukuta, hiyo ni nzima, endelea kushuka kuelekea kwenye matairi.

Kama mafuta yanapungua na hakuna palipolowa, fungua nati za masta silinda, ivute mbele bila kupinda paipu, uchungulie nyuma yake. Raba ya mwisho ikivuja, mafuta yanaingia ndani ya busta na hutayaona chini kamwe.

Hapa kuna kosa ambalo sisi mafundi tunalifanya wenyewe. Kwenye kutoa upepo, msaidizi anakanyaga mpaka sakafuni. Masta silinda ya miaka 25 ina sehemu ya mbele ambayo raba haijawahi kufika, na huko kuna kutu. Raba ikisukumwa huko inachanika, na gari lililokuja na upepo kidogo linaondoka na masta silinda mbovu. Weka kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 5 chini ya pedeli.

Kama breki inazama gari likiwa la moto tu, hasa mteremkoni, na inarudi baada ya nusu saa ya kupumzika, basi mafuta yamechemka. Mafuta ya breki hunywa unyevu. DOT 3 mpya (DOT ni daraja la mafuta hayo) huchemka kwenye nyuzi 205 na kuendelea, lakini yakishanyonya maji kwa asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi, kwa hiyo mguu unazama. Lita moja ya DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa, siyo ile iliyokaa wazi kwenye rafu tangu mwaka jana, inatosha kusafisha mfumo mzima. Anza na tairi la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kisha usiisahau vali ya mzigo iliyo juu ya ekseli ya nyuma, inayopima presha ya breki za nyuma kulingana na mzigo, nayo ina nipeli yake ya kutolea upepo. Na ukiteremka njia ya Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, weka gia ya chini, injini ndiyo ilishike gari.

Lakini jiulize kwanza kwa nini yamechemka. Gari likiwa limeshika breki lenyewe, mafuta mapya nayo yatachemka. Linyanyue likiwa bado la moto, zungusha tairi. Likiwa zito, legeza nati za masta silinda milimita chache. Tairi likiachia, fimbo ya busta ni ndefu mno au pedeli haina plei, yaani nafasi ya bure: inatakiwa milimita 3 hadi 6. Mara nyingi ugonjwa huu huanza siku busta ilipobadilishwa. Tairi lisipoachia, fungua nipeli yake. Likiachia hapo na mafuta yakaruka, mpira wa breki umevimba ndani na unazuia mafuta kurudi. Lisipoachia hata hapo, ni kalipa, kibanio kinachosukuma pedi: pistoni yake ina kutu.

Kuna pedeli inayozama mara ya kwanza tu, baada ya barabara ya mawimbi kama ile ya kwenda lango la Naabi, Serengeti, halafu mara ya pili inashika. Hiyo ni beringi za mbele. Diski inachezacheza na kuzisukuma pedi nyuma, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unaishia kuzirudisha tu. Shika tairi juu na chini, tikisa. Kwenye Land Cruiser hizi nati ya habu inataka boksi spana ya 54. Ukiona nati ina alama za patasi, hakuna aliyezipima beringi hizo, zimekazwa kwa kukisia.

Ikiwa inazama mara ya kwanza hata kwenye lami, fungua drumu za nyuma. Kwenye Land Cruiser nyingi zenye drumu, liningi zinazobana drumu hujirekebisha handibreki inapovutwa. Dereva anayeegesha kwa gia tu miaka yote, au mwenye kamba iliyoganda, liningi zake ziko mbali na drumu. Lainisha vikono vya handibreki nyuma ya bamba, rekebisha kwa bisibisi mpaka drumu iguse kidogo.

Ukimaliza, jaribu mara mbili: likiwa baridi kwa mguu mwepesi wa dakika moja, kisha likiwa la moto baada ya mteremko mrefu, halafu gusa habu zote nne kwa mkono. Inayounguza kuliko wenzake ndiyo ya kufungua tena.