Pasi imefika, mikono ndiyo haikuwepo

Jana usiku tumeutazama tena mchezo wa Chiefs na Lions, ule wa kufungua msimu wa 2023 wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, mimi na shemeji yangu. Yeye macho kwenye takwimu tu: Mahomes, kwotabeki (mrusha pasi) wa Chiefs, karusha pasi 39, zimedakwa 21, yadi 226. "Kwotabeki wako kacheza ovyo," akasema.

Shemeji, hebu itazame mikono ya wenzake! Kuna pasi ilimfikia mpokeaji mikononi kabisa, ikamponyoka, ikaruka mpaka kwa Brian Branch wa Lions, naye akatimua mbio nayo yadi 50 hadi tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja. Kwenye vitabu imeandikwa Mahomes kanaswa pasi, yaani mpinzani kaidaka, na lawama ni yake. Kanaswa vipi, na mpira aliufikisha mlangoni? (Mpokeaji mwenyewe simtaji, keshasemwa vya kutosha.) Na Travis Kelce, mpokeaji wa Chiefs ambaye angedaka hata ndimu gizani, alikuwa nje kwa sababu ya goti.

Sisemi Mahomes hakukosea. Kuna pasi nyingine hata mimi niliguna. Lakini Chiefs wamefungwa 21-20. Pointi moja!

Shemeji hakujibu. Aliomba rimoti, akairudisha ile pasi mara ya nne.