Likizo ndefu ya familia na raha zake ndogondogo

Likizo ndefu ya kiangazi ikikaribia, wazazi wengi huanza kwa kuandika orodha: safari, matembezi, wageni, masomo ya ziada, michezo. Orodha ikishajaa, kinachobanwa ni zile raha zisizo na jina: kicheko kilichozuka bila sababu, mchezo uliobuniwa uani, babu na mjukuu wakinong'onezana pembeni. Raha za namna hii haziji kwa kuamrishwa. Zinachohitaji ni muda mtupu, miili iliyoshiba na kulala, na watu wazima ambao hawajachoka hadi wakawa wakali. Hayo matatu yanapangika.

Tuanze na muda. Kwa watoto walio chini ya miaka 10, jambo moja kubwa kwa siku linatosha, liwe asubuhi au jioni, maana jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Katikati ya siku acheni saa mbili hivi ziwe wazi kabisa: hakuna skrini, hakuna ratiba, hakuna mtu mzima anayependekeza la kufanya. Mwanzo wake huwa mgumu. Mtoto atazunguka nyuma yako akilalamika kwamba ameboreka, na hapo ndipo wazazi wengi hushindwa, wakampa simu ili wapumue. Akiokolewa upesi leo, kesho atakaa akisubiri kuokolewa tena. Mjibu kwa upole, "Najua, utapata cha kufanya," kisha endelea na shughuli zako ukiwa karibu naye. Usimfukuze wala usimhutubie.

Kinachosaidia ni vitu visivyo na kazi maalumu vilivyowekwa mahali anapoviona: maboksi matupu, shuka mbili kuukuu, kamba, chaki, vibanio vya nguo kama kumi hivi. Vinatosha kujenga hema, duka, meli au hospitali. Msirundike vitu vingi. Mbele ya rundo, mtoto hugusa hiki akaacha, akagusa kile akaacha, na mchezo haushiki mizizi. Ukiona mchezo umeshika, usiingilie hata kwa kusifu. Sifa humkumbusha mtoto kwamba anatazamwa, na mara nyingi mchezo huishia hapo.

Ugomvi wa ndugu wakati wa jioni una chanzo kinachojirudia: njaa, joto au usingizi. Kabla ya kusikiliza kesi, wape wote maji na kitu cha kutafuna, wakae kivulini dakika 10. Kesi nyingi hufa zenyewe.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni uchovu wa mtu mmoja. Katika familia nyingi kuna mtu anayekumbuka kila kitu: taulo, dawa, chakula cha kesho, kofia ya mdogo. Wengine wakifurahi, yeye anahesabu. Kumwambia "niite nikusaidie" hakumpunguzii mzigo, kwa sababu kukumbuka na kuita bado ni kazi yake. Gaweni kazi nzima nzima. Anayeshika vyombo vya jioni anavishika tangu mezani hadi kabatini, na ndiye anayepaswa kugundua kwamba sabuni inakaribia kuisha. Kisha kila mtu mzima apate saa moja kwa siku ambayo haulizwi chochote, na saa hiyo ijulikane na wote, watoto wakiwemo.

Sasa mfano mmoja wa raha ya bei rahisi inayokusanya watu wa umri wote: mapovu makubwa ya sabuni. Chukua lita 1 ya maji ya vuguvugu, yeyusha ndani yake vijiko 2 vya mezani vya sukari, kisha mimina taratibu mililita 150 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ukiwa na glisarini, weka kijiko 1 cha mezani badala ya sukari. Hainati sana mikononi. Koroga polepole. Ukipiga kwa nguvu utapata povu jepesi juu, na povu hilo ndilo linalopasua mapovu makubwa, kwa hiyo lienguliwe kwa kijiko. Acha mchanganyiko utulie usiku kucha.

Kitanzi kinatengenezwa kwa vijiti viwili vya urefu wa nusu mita. Funga uzi mnene wa pamba wa sentimita 60 kati ya ncha zake, kisha uzi wa pili wa sentimita 120 kwenye ncha zilezile, ukiwa na nati moja ya chuma inayoning'inia katikati. Vijiti vikitengana, nyuzi zinafunguka pembetatu. Uzi uwe wa pamba kwa sababu pamba hunyonya maji. Nailoni hainyonyi vizuri, na utando hukosa akiba ya kutanukia. Chovya kitanzi vijiti vikiwa vimekutana, toa polepole, fungua, kisha rudi nyuma hatua mbili tatu ili hewa iingie. Ukitaka povu lijikate, kutanisha vijiti tena.

Yakipasuka mapema, tazama hali ya hewa kabla ya kulaumu sabuni. Hewa kavu hukausha utando na upepo huuchana. Asubuhi na mapema, au baada ya mvua, povu kubwa kama ndama huelea likiyumba huku rangi zikitembea juu ya ngozi yake. Mkono mkavu hulipasua; mkono uliolowa maji ya sabuni unaweza hata kupenya ndani yake likabaki zima. Watoto wakigundua hilo, nusu saa hupita bila mtu kuuliza saa. Fanyieni kwenye nyasi au udongo, kwa sababu sakafu yenye sabuni inateleza vibaya, na wekeni maji safi karibu kwa ajili ya macho.

Acheni kabla hamu haijaisha. Watafiti Leif Nelson na Tom Meyvis walionyesha mwaka 2008 kwamba jambo la kupendeza likikatizwa kidogo, watu hulifurahia zaidi kuliko likienda mfululizo, kwa sababu mapumziko huzuia mazoea kuingia. Mapovu ya nusu saa siku tatu kwa wiki yanashinda mapovu ya siku nzima.

Picha zipigwe chache, kisha simu iwekwe chini. Linda Henkel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, aliwatembeza watu kwenye jumba la makumbusho, akakuta kwamba vitu walivyopiga picha nzima walivikumbuka kwa uhafifu kuliko vile walivyovitazama tu. Waliovuta picha karibu ili kupata sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu hivyo. Basi ukipiga, chagua kitu kimoja: vidole vilivyoshika kijiti, unyayo wenye matope. Na raha ikitokea, itaje kwa sentensi moja, "Upepo huu mzuri," basi. Kumwuliza mtoto kila mara kama anafurahi kunamtoa ndani ya furaha yake na kumweka kwenye mtihani.

Vijana wa balehe wanataka mpango wao. Saa ya mwili wao husogea mbele, hawalali mapema, na kuwaamsha alfajiri kwa ajili ya "muda wa familia" kunazaa nyuso za hasira. Wapeni usiku. Kijana huongea zaidi mkiwa bega kwa bega, mnatembea au mnaosha vyombo, kuliko mkikaa mkitazamana. Kutazama nyota kunafaa mno: laleni chali kwenye mkeka, mbali na taa. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga wa simu moja unaweza kuharibu kazi yote hiyo, kwa hiyo tochi ifunikwe kitambaa chekundu. Kwa walio kaskazini mwa dunia, vimondo vya Perseids hufikia kilele kila mwaka karibu na tarehe 12 na 13 Agosti, na huonekana vizuri zaidi baada ya saa 6 usiku. Dakika zile za kusubiri kwenye giza ndizo kijana anapoanza kusema mambo ambayo hamkumuuliza. Msimkatize kwa ushauri.

Wiki ya mwisho huharibika kwa sababu ya sare, madaftari na usingizi. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba namna jambo linavyoisha huelemea sana kumbukumbu yake: watu walioweka mkono kwenye maji baridi sana walipendelea kurudia jaribio lililokuwa refu zaidi, kwa kuwa lilimalizikia kwenye maji yenye baridi iliyopungua kidogo. Kwa hiyo ununuzi na vipimo vya nguo viishe siku 10 kabla ya shule. Saa ya kulala irudishwe nyuma dakika 15 kila baada ya siku mbili, badala ya kulazimishwa usiku mmoja. Siku mbili za mwisho ziachwe bila safari wala wageni, na kila mtoto achague jambo moja la kurudia kati ya yale aliyoyapenda. Akichagua maboksi na shuka kuukuu, mpeni maboksi na shuka kuukuu.