Kasubi, Miaka Kumi na Minne Baada ya Moto

Basi la kwenda Kampala liliondoka Bukoba alfajiri, mvua nyembamba ikinyesha juu ya migomba, nami nilikuwa nimekaa dirishani nikiwa na picha moja ya karatasi ndani ya bahasha. Niliipiga mwaka 2007, nilipofika Kasubi kwa mara ya kwanza, na inaonyesha nyumba kubwa ya nyasi ya mviringo ambayo paa lake linashuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, mbele yake wakiwa wamesimama wanafunzi wawili waliovaa sare. Nyumba ile, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, ndiyo makaburi ya wafalme wanne wa Buganda. Iliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Tangu siku hiyo nilikuwa nikijiahidi kurudi, na kama ilivyo kwa ahadi nyingi anazojipa mtu mwenyewe, hii nayo ilisubiri hadi mwaka 2024.

Ni lazima nieleze kwa nini nyumba ya Waganda inamhusu Mhaya wa Bukoba kama mimi. Bibi mzaa mama aliishi katika msonge hadi nilipokuwa darasa la pili. Msonge wa kwetu hauna ukuta wa kuonekana kwa nje; ni paa tupu lililokaa chini kama kapu lililofunikwa, na ndani kuna giza lenye harufu ya moshi, kahawa mbivu na ng'ombe. Moto wa jikoni ulikuwa humo humo ndani. Moshi wake ndio uliofukuza wadudu na kukausha nyasi, kiasi kwamba bibi alikuwa akisema nyumba ya nyasi ikikosa moto huoza, na ikipata moto mwingi huungua, kwa hiyo mwenye nyumba ni yule anayejua kipimo. Wajomba walipopata fedha walimjengea nyumba ya matofali na mabati. Msonge ukaachwa bila moto, na katika misimu miwili mitatu ya mvua ukalala chini wenyewe. Hakuna aliyelia, kwa kuwa sote tulifurahia mabati.

Tulivuka mto Kagera pale Kyaka, ambapo majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja mwaka 1978 na ambapo kuna magofu ya kanisa lililobomolewa katika vita hivyo. Abiria wachache waligeuza shingo kuyatazama, wengine walikuwa wamelala. Mpakani Mutukula tuligonga mihuri katika kituo kimoja cha pamoja, jambo ambalo zamani lilichukua nusu ya asubuhi. Kyotera na Masaka zilipita. Lwera ilipita pia, na mafunjo yake na malori ya mchanga, kisha mstari wa ikweta pale Kayabwe, kisha wauza ngoma wa Mpigi waliopanga ngoma zao kando ya barabara kuanzia zinazotosha kiganja hadi zinazohitaji watu wawili kuzibeba. Kampala tuliingia alasiri, na foleni ya mjini ilitushika muda mrefu kiasi cha kunifanya niione ile sehemu yote iliyotangulia kuwa safari fupi.

Kesho yake asubuhi nilichukua bodaboda kupitia Nakulabye. Kilima cha Kasubi kiko umbali wa kilomita tano hivi kutoka katikati ya jiji, upande wa kaskazini-magharibi, na mtu asiyejua anaweza kupita sokoni pale chini, kwenye barabara ya Hoima, akanunua nyanya na kwenda zake bila kuhisi kwamba juu yake kuna ekari nyingi za mashamba, nyumba za walinzi wa makaburi na ukimya. Mlangoni kuna Bujjabukula, nyumba ya lango, nayo ni ya nyasi. Hapo nilipokewa na kijana mwongoza wageni ambaye aliposikia natoka Bukoba aliacha Kiingereza na kujaribu Kiswahili, kisha akaniomba radhi akisema kwamba kwao lugha hiyo wazee waliizoea midomoni mwa askari, hivyo akiisikia ikizungumzwa kwa upole bado hushangaa kidogo. Nilimwita ssebo, yaani bwana, naye akaniita mzee, ingawa sidhani kama nimeifikia hadhi hiyo.

Uani nilitoa picha yangu kwenye bahasha na kuiinua mbele ya macho, nyumba ya karatasini ikiwa kando ya nyumba yenyewe. Kwa umbo hazina tofauti. Kwa rangi zina tofauti kubwa: nyasi za mwaka 2007 zilikuwa za kijivu, zimekomaa kwa jua na mvua, na hizi bado zina wekundu wa dhahabu. Siku hiyo wageni hawakuruhusiwa kuingia ndani, na hivyo ya ndani nayasimulia kwa kumbukumbu ya safari ya kwanza.

Wakati ule tulivua viatu kizingitini, wanawake wakajifunga khanga kiunoni, tukaketi juu ya mikeka iliyotandikwa juu ya majani makavu yenye harufu ya mchaichai. Nyumba ilikuwa na kipenyo cha mita 31 kwa nje na kimo cha mita saba na nusu kwa ndani, lakini namba hizo hazisemi kitu mpaka ukae sakafuni na kuinua uso. Juu kulikuwa na pete za matete na nyasi zilizosukwa, moja ndani ya nyingine, zikipanda hadi kileleni. Waganda huziita ebizizi, nazo ni 52 kwa hesabu ya koo za Buganda. Nguzo zilivikwa vitambaa vya lubugo, yaani nguo ya gome la mtuba inayopondwa kwa nyundo za mti hadi ilainike kama hariri nzito. Mbele yetu kulikuwa na mikuki, ngao na picha za wafalme wanne, na nyuma ya hivyo pazia la lubugo lililoshuka kutoka juu. Nyuma ya pazia ni Kibira, msitu. Mgeni haingii. Kando ya ukuta waliketi akina mama wazee wakisuka mikeka, ambao kwa mila huhesabiwa kuwa wajane wa wafalme, na mmoja wao alinikemea kwa Kiganda kwa sababu nilikuwa nimenyoosha miguu kuelekea makaburi.

Nyumba hii ilijengwa mwaka 1882 kuwa kasri la Kabaka, yaani mfalme, Muteesa wa Kwanza, na alipofariki mwaka 1884 ikageuzwa kaburi lake. Huyu ndiye Kabaka ambaye msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kumkumbuka. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Unguja walikwisha kufika Buganda katika enzi ya baba yake, Suuna wa Pili, miaka ya 1840, lakini ni Muteesa aliyefunga Ramadhani, akajenga misikiti na kuwatazama watu wa pwani kama walimu na wakati mwingine kama tishio. Kanzu ambayo mwanaume wa Kiganda huvaa leo harusini imetoka kwetu kwa njia hiyo. Muteesa alivunja pia desturi ya mazishi. Kabla yake taya la mfalme lilitenganishwa na mwili na kuhifadhiwa peke yake. Yeye alizikwa mzima, na waliomfuata, badala ya kila mmoja kupewa kilima chake, wakaletwa kwake: Mwanga wa Pili aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, Daudi Chwa wa Pili aliyefariki mwaka 1939, na Edward Muteesa wa Pili aliyefia London mwaka 1969 baada ya kasri lake la Mengo kushambuliwa mwaka 1966.

Buganda haisemi kwamba Kabaka amekufa. Husemwa ameingia msituni, na tangazo rasmi la msiba ni maneno haya: Omuliro gwe Buganda guzikidde, moto wa Buganda umezimika. Langoni mwa kasri la mfalme aliye hai kuna moto usioachwa kuzimika, na huzimwa siku hiyo tu. Mwongozaji wangu alinieleza hayo akiwa amesimama mita chache kutoka mahali ambapo moto mwingine ulifanya kazi yake, na ninaamini aliupanga mpangilio huo wa maneno kwa makusudi.

Moto wa mwaka 2010 ulianza baada ya saa mbili usiku. Paa la nyasi lenye unene ule haliungui kama karatasi. Hushika, huvuta hewa kutoka chini, kisha huwaka lote kwa pamoja, na ndoo za maji za majirani haziwezi kulifikia. Kulipokucha zilibaki nguzo za zege na pete za chuma zimesimama juu ya majivu. Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alikuja, Rais Museveni naye akaja, umati uliokuwa na hasira ukakabiliana na askari, na watu wakauawa kwa risasi. Viongozi walitangaza kwamba makaburi yenyewe, chini ya sakafu, hayakudhurika. Tume ya uchunguzi iliundwa. Ukiuliza leo pale kilimani ni nani aliyechoma, kila unayemuuliza ana jibu lake.

Zile nguzo za zege ndizo zilizonishughulisha zaidi, kwa kuwa ziliwekwa mwaka 1938, wakati nyumba ilipofanyiwa ukarabati mkubwa. Ina maana kwamba mimi mwaka 2007 nilikuwa nimeketi chini ya zege na chuma vilivyovikwa gome la mti, nikidhani naangalia mti. Sikuona aibu kulijua hilo. Nyasi zenyewe hazikuwa za mwaka 1882 pia. Paa la aina hii huezekwa upya sehemu kwa sehemu kila baada ya miaka kadhaa, na aliyeingia mwaka 1950 na aliyeingia mwaka 2000 hawakuona jani moja lililo sawa. Kilichodumu ni haki ya kuezeka. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngeye, yaani wa mbega, chini ya kiongozi wao mwenye cheo cha Wabulakayole, na mtu wa ukoo mwingine hata awe fundi bora Afrika nzima hapandi juu ya paa hili. Kutengeneza lubugo ni kazi ya ukoo wa fisi-maji. Kila kitu kina mwenyewe.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale walioona miaka mingi ya ujenzi kuwa uzembe mtupu. Uzembe ulikuwepo, mwongozaji hakunificha, na mabishano ya fedha hayakukosekana. Tangu mwaka 2013 Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga alizunguka wilaya kwa wilaya akikusanya michango aliyoiita Ettoffaali, neno ambalo kwa Mswahili halihitaji kutafsiriwa, na watu walitoa hata shilingi chache. UNESCO, iliyoyaorodhesha makaburi kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001 na kuyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2010, iliyaondoa kwenye orodha hiyo Septemba 2023. Lakini fedha na orodha haziwezi kumfundisha kijana kufunga fungu la nyasi. Mkandarasi angemaliza kwa mwaka mmoja, na tungepata jengo la kupiga picha.

Mwongozaji alinizungusha kando ya ua na kunionyesha jambo ambalo halikuwepo katika picha yangu: mabomba ya maji ya kuzimia moto, sehemu ya mpango wa kinga uliosaidiwa na Japani kupitia UNESCO. Alinionyesha pia, chini ya kivuli, mafungu ya nyasi yaliyokatwa na kusubiri, kila moja limefungwa sehemu mbili na kupunguzwa ncha kwa urefu ule ule. Nikaokota unyasi mmoja. Ulikuwa mgumu, una ukakasi pembeni, na nikaujua kwa vidole kabla ya macho, kwa maana ndio ule ule uliokuwa ukinichoma mgongoni nikiegemea msonge wa bibi.

"Nyie kule Bukoba mnauitaje?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo, na neno halikuja. Nilisogea pembeni nikampigia mama simu, nikamwelezea: mrefu, mgumu, wa kuezekea, unaota mbugani. Alinyamaza, akalitaja moja, akalikataa mwenyewe, akataja jingine, akasema hapana, hilo ni la kutandika chini. Mwishowe alisema atamuuliza shangazi yangu wa Kanyigo jioni, kama ataamka vizuri, na akataka kujua ninarudi lini.