Siku Moja Maishani Mwangu: Nawashonea Wachunga Ng'ombe wa Nevada Leso za Shingoni

Saa 11 alfajiri

Nikiamka kitu cha kwanza ni kuvua soksi, na si za miguuni. Nalala na soksi mikononi. Mji wa Elko, Nevada, huku Marekani, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nchi ya nyika kavu, na Januari vidole hupasuka hadi vikatoa damu. Kidole kilichopasuka kikipita juu ya hariri kinanyofoa uzi kama kucha ya paka. Kwa hiyo usiku napaka mafuta ya nazi, navaa soksi, na asubuhi naosha mikono kwa sabuni mara mbili, maana tone moja la mafuta kwenye hariri ni hasara. Mimi mtoto wa Mombasa. Nazi niliijua ya wali na ya nywele.

Nasali, natia chai ya tangawizi kwenye chupa. Nje ni nyuzi 12 chini ya sifuri. Mume wangu, dereva wa malori mgodini, ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya usiku. Tunapeana salamu na ufunguo wa gari mlangoni.

Saa 1 asubuhi

Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya duka la matandiko ya farasi. Mbele kunanukia ngozi. Nyuma kuna cherehani mbili, ovaloki moja, meza ndefu na mimi.

Nashona vitambaa vya shingoni vya wachunga ng'ombe. Jina lake la huku ni wild rag, ukilifasiri ni "tambara la mwitu", ingawa ni hariri tupu na bei yake si ya tambara. Mtu akisikia kauboi hufikiria bandana nyekundu ya pamba, ile ndogo ya inchi 22 hivi. Bandana ipo, wengi wanayo mfukoni. Lakini huku Nevada kaskazini, baridi ikiingia, shingoni ni hariri, mraba wa inchi 36, na wengine wanataka 44 ili izunguke mara mbili. Pamba ikishanyonya jasho inabaki imelowa, upepo ukipiga unaganda nayo. Hariri ni nyepesi lakini inashika joto, inakauka upesi, na haikwaruzi shingo.

Wiki hii hatulali. Kila mwaka karibu na mwisho wa Januari wachunga ng'ombe washairi hukutana hapa Elko, tangu 1985. Ndiyo, washairi. Mengi ya mashairi yao yana vina na mapigo, ya kughanwa kwa sauti, na yanahusu farasi, ukame na ng'ombe wakaidi. Mswahili huwezi kujiona mgeni ukumbini. Na kila mmoja anataka kupanda jukwaani na kitambaa kipya.

Saa 2 asubuhi

Mombasa ni saa 1 usiku. Napiga simu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Hao wanaume wako wa leso hawajambo?"

Hajaacha kuwacheka tangu nimtumie picha. Kwake leso ni ya mwanamke, na mwanamume aliyefunga hariri ya maua shingoni lazima ana harusi. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha. Nilikaa naye miaka kwenye baraza tukipinda leso za wateja wanaotoka kununua Biashara Street, tunakata pea, tunapinda ncha, shilingi kadhaa kwa kila moja. Na hilo neno "leso" lenyewe tulilichukua kwa Wareno, kwao ni kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vya mraba vikiwa havijatenganishwa, wakaviunga sita pamoja vikawa vazi. Kwa hiyo nikimwambia Mama kwamba nimerudi tu kwenye leso ya asili, mraba mmoja mmoja, ananiambia nisimletee elimu, nile kwanza.

Saa 3 asubuhi

Mzigo wa kitambaa umefika. Karatasi inasema hariri. Nakishika, vidole vinasema hapana: kinateleza vizuri lakini hakina ubaridi ule. Nakata kipande cha kidole kimoja, nakipeleka nje, nawasha kiberiti. Hariri ikiungua hunuka nywele, na jivu lake ukiligusa linasagika. Hiki kimeyeyuka, kikajikunja kikawa shanga nyeusi ngumu. Poliesta.

Nimekasirika kuliko inavyostahili, najua. Lakini watu hawa wanapiga ndama chapa kando ya moto, chuma ni chekundu, cheche zinaruka. Kitambaa kinachoyeyuka ukakifunga kooni kwa mtu ni ubaya. Nimekirudisha kwenye sanduku. Muuzaji kwenye simu ananiuliza, "Kwani mteja atajua?" Nimemjibu kwa Kiswahili, na nafikiri alielewa.

Saa 5 asubuhi

Anaingia mzee mmoja, miaka sabini na kitu, miguu imepinda kama aliyezaliwa juu ya farasi. Hajiiti kauboi. Wa eneo hili hujiita bakaruu, neno la Kihispania, vaquero, lililosagwa na midomo ya wasemaji wa Kiingereza. Ametoa mfukoni hariri ya kahawia, upindo umefumuka upande mzima na pembe moja ina tundu la moto.

Namuuliza imepitia nini. Anahesabu kwa vidole. Ameifunga puani akiwa nyuma ya kundi, mahali vumbi la ng'ombe mia tatu lote linakuja kwako. Ameipitisha juu ya masikio chini ya kofia wakati wa theluji. Ameitumia kumfunga macho farasi mkorofi ili atandikwe. Mara moja ilibeba mkono wa mwanawe uliovunjika, kutoka malishoni hadi barabarani. Tundu la moto ni la mwaka jana.

Namwambia nitampa mpya kwa bei nzuri. Ananitazama kama nimemtukana mkewe.

Basi nakata pembe iliyoungua, napunguza pande zote ili ibaki mraba, na nampindia upya. Akisubiri anauliza wapi nilijifunzia nguo. Namweleza kwamba karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar shehena za kitambaa cha pamba, na mpaka leo sisi kitambaa kile tunakiita merikani. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo sisi ndio tuliowauzia kwanza," akasema, akalipa, akaacha chenji.

Saa 7 mchana

Pilau ya jana, imesimama mezani mbali na hariri. Nikiwa nala, mgeni wa mji anataka bolo tai: kamba ya ngozi iliyosukwa, ncha za chuma, na kishikizo cha fedha chenye jiwe la feruzi. Hizo sishoni, ziko kabatini mbele. Ni nzuri, hasa zile za mafundi wa Kinavajo na Kizuni, wenyeji wa asili wa Marekani, lakini kwangu ni nguo ya Ijumaa. Arizona waliifanya kivazi rasmi cha shingoni cha jimbo mwaka 1971. Huko Wickenburg alikuwapo fundi wa fedha, Victor Cedarstaff, na inasimuliwa kwamba kofia yake iliporuka na upepo alivaa utepe wa kofia shingoni asipoteze pambo lake la fedha, rafiki akamsifu kwa tai mpya. Mgeni amenunua yenye feruzi kubwa kuliko yai la kwale. Mungu ampe shingo.

Saa 8 hadi saa 11 jioni

Hapa ndipo kazi ilipo, na haina hadithi. Mraba wa inchi 36 una inchi 144 za upindo. Kwa ovaloki ni dakika kumi. Kwa mkono, ukiviringisha ncha kwa kidole gumba kilicholowa kidogo, unachukua uzi mmoja wa kitambaa, unapita ndani ya mviringo, unavuta, ni saa tatu. Sindano nyembamba kabisa, mpya. Ya leo ni rangi ya zambarau, ya mshairi mmoja atakayepanda usiku. Kwenye pembe ya tatu nimekosea, upindo umenenepa. Nimefumua. Magharibi imeingia na bado nina pembe moja.

Saa 2 usiku

Ukumbi umejaa kofia. Mume wangu amelala mchana, kwa hiyo anaweza kukaa macho. Mshairi wangu amepanda, hariri ya zambarau imefungwa fundo bapa la pembe nne, ncha mbili zimelala kifuani. Mimi simsikilizi, natazama upindo.

Shairi linamhusu mbwa wake aliyekufa. Kufika ubeti wa mwisho sauti imemkwama. Akashika ncha ya hariri yangu ya saa tatu, akajifuta macho, halafu akapenga kamasi, kwa nguvu, mbele ya maikrofoni.

Mume wangu akanigeukia haraka aone nimekasirika kiasi gani. Nilikuwa nacheka hadi machozi.